Barua kwa Mwanangu: Kilichoichana Kofia Yangu

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema umenunua msumeno wa cheni uliokwisha kutumiwa na mtu mwingine, upate kuukatakata ule mti ulioangushwa na upepo nyuma ya nyumba yako. Halafu, mwishoni kabisa, ukaniuliza: "Baba, ile kofia yako ya kitambaa ilichanwa na nini? Uliniambia ni tawi. Leo nimeushika msumeno wangu mkononi nikaikumbuka, na sikuamini tena."

Halikuwa tawi. Ulikuwa na miaka 9, uliniuliza nikiwa bado sijavua viatu, nami nikakupa jibu la kwanza lililonijia mdomoni. Nilikudanganya, na kwa kuwa hukuuliza tena, nikaacha uongo ule ukae. Sasa umenunua msumeno wa kwako. Nina deni, acha nililipe.

Ila siku ya kofia haieleweki bila zile zilizoitangulia, kwa hiyo univumilie nianzie mbali.

Kabla ya msumeno wangu wa injini nilikuwa na shoka moja, na msumeno wa mkono wa kuvutana watu wawili. Huo wa kuvutana unataka mwenzio awe na subira kama yako. Akisukuma wakati wako wa kuvuta, bamba linapinda, na saa sita haijafika mmeshanuniana. Gogo nene lilikuwa kazi ya siku nzima. Kwa hiyo nilipopata msumeno wa injini, hata kama ulikuwa umepita mikono ya watu, niliona nimeajiri vibarua kumi kwa siku moja.

Bado nauona. Injini ya sentimita za ujazo 50 na kitu, bamba, kile chuma kirefu bapa ambacho cheni hukizunguka, la sentimita 45, uzito wa zaidi ya kilo 6 ukishajazwa petroli na oili ya cheni. Kwenye mpini wa mbele rangi ilikuwa imekwisha kabisa pale ambapo mkono wa kushoto hukaa, chuma kimebaki kinang'aa. Nilipoweka mkono wangu hapo ukakaa sawasawa, kana kwamba mwenyewe wa kwanza alikuwa na kiganja kama changu. Aliyeniuzia alinionyesha tangi la petroli, tangi la oili na kamba ya kuvuta. Zaidi ya hapo hakusema kitu, nami sikuuliza. Niliona haya kuonekana sijui. Usiku ule niliulaza msumeno chumbani. Mama yako alilalamikia harufu ya petroli, na alikuwa na haki.

Asubuhi nikautoa uani kuuwasha. Nilivuta kamba mara ishirini, mara thelathini, mpaka bega likafa ganzi. Sikujua kwamba injini ikiwa baridi unavuta choki, ile ya kubania hewa, unavuta kamba mpaka uisikie imekohoa mara moja, kisha choki unairudisha papo hapo ndipo uvute tena. Mimi niliendelea tu, choki ikiwa bado imevutwa, mafuta yakaingia mengi na hewa kidogo, na nilipoifungua plagi nikaikuta imelowa chepechepe. Nikaifuta, nikaianika, nikavuta kamba mara kadhaa tundu la plagi likiwa wazi ili injini iteme mafuta yaliyozidi. Niliporudisha kila kitu, ikawaka kwa mvuto wa pili. Ile sauti, mwanangu! Ndege waliokuwa kwenye mti wa karibu waliruka wote kwa mara moja, na wewe ukatoka ndani mbio, umeziba masikio kwa viganja, unacheka.

Hapa nikuambie habari ya mafuta, maana ndiyo inayoua misumeno mingi mikononi mwa wageni wa kazi. Injini hii haina mahali pake pa oili kama gari. Oili inayolainisha pistoni huja ndani ya petroli, basi, hakuna njia nyingine. Ukiitilia petroli tupu itawaka, itakata, utafurahi, kisha pistoni itakwangua silinda na kukwama, na hapo injini imekwisha. Ule wangu wa zamani ulitaka sehemu 1 ya oili kwa 25 za petroli. Ya siku hizi mingi hutaka 1 kwa 50, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita 1 ya petroli, tena oili maalumu ya injini za kuchanganya, si ile ya gari. Angalia wa kwako unataka nini. Tikisa dumu kabla ya kumimina, na mchanganyiko uliokaa miezi na miezi usiupe msumeno.

Juma la kwanza nilikata kama mtu aliyefunguliwa kifungoni. Unaweka bamba juu ya gogo, unavuta triga, na msumeno unazama kwa uzito wake wenyewe. Wewe unaushikilia tu. Maranda yanaruka na kukupiga mapajani kama mvua ya mawe madogo, harufu ya mti mbichi inachanganyika na moshi, na kipande kinaanguka kabla hujamaliza kufikiri. Kazi ya siku nzima ikawa kazi ya dakika. Nilikata hata miti ambayo hakuna aliyeihitaji ikatwe, na hilo mpaka leo najuta. Kulikuwa na mmoja kando ya njia, mzima kabisa, haukumkosea mtu. Niliuangusha kwa sababu tu nilikuwa na kitu cha kuuangushia.

Kufika juma la tatu raha ikapungua. Msumeno ulikuwa ukiunguruma vilevile lakini hauzami. Nikawa nausukuma. Mkato ukawa unakwenda upande, unaanza katikati ya gogo na kuishia pembeni kama mundu. Moshi ukaanza kutoka kwenye mti, mti wenyewe unaungua. Jioni mikono ilikuwa ikitetemeka hata kijiko hakitulii. Nikadhani injini imechoka. Nikachukua bisibisi nikaanza kuzungusha skrubu za kabureta, hii kidogo, ile kidogo, mpaka injini ikapoteza hata ule uwakaji wake mzuri. Skrubu zile hazikuwa na kosa lolote.

Aliyeniokoa ni yule mzee aliyekuwa akitembea na tupa mfukoni, unamkumbuka, yule uliyezoea kumkimbilia akitokea njiani. Alikuwa amekata miti tangu ujana wake. Siku hiyo alisimama mbali akinitazama nikisukuma, kisha akaja akanionyesha kwa kidole: zima. Nikazima. Hakuuangalia msumeno kwanza. Aliinama, akachota konzi ya kilichodondoka chini ya gogo, akanimwagia kiganjani.

"Nini hiki?"

"Vumbi la mbao, mzee."

"Ni unga. Chenso inayokata inatoa maranda. Hii unausaga mti, mwanangu, huukati."

Kisha akavaa glavu, akaisogeza cheni taratibu kwa kidole, akanionyesha jino moja. Mpaka siku ile nilikuwa sijawahi kulitazama jino la cheni yangu. Mbele kuna kinundu kidogo. Nyuma yake kuna jino lenyewe, limepinda kwa juu kama ukucha, na ukingo wake wa mbele ndio wenye makali. Kinundu kile ndicho kinachopima jino liingie kina gani ndani ya mti. Meno yanapishana, moja la kulia, moja la kushoto, mpaka cheni inazunguka yote. Akaligeuza lile jino juani. Pale kwenye kona ya ukingo palikuwa na mstari mweupe mwembamba unaometa. "Unaona nuru hiyo?" akaniuliza. "Makali ya kweli hayang'ai. Ukiona yanang'aa ujue yamelala."

Nilikuwa nimeyauza makali ya cheni ile kwa mchanga. Siku zile nilikata magogo yakiwa yamelala chini, na kila nilipomaliza mkato ncha iligusa ardhi kidogo, sekunde moja tu. Sekunde moja ndani ya mchanga inatosha kuiharibu cheni nzima.

Hapo ndipo nilipojifunza kunoa, na hili ndilo jibu la swali lingine uliloniuliza zamani ukiwa mdogo, kwa nini nilikuwa nakata saa mbili na kunoa jioni nzima. Tupa ni ya mviringo, na unene wake lazima ulingane na cheni. Cheni yangu ilitaka ya milimita 4.8. Ziko zinazotaka 4, ziko za 5.2 au 5.5. Unaibana cheni isitembee, unaiweka tupa kwenye mkunjo wa jino, kama sehemu ya tano ya unene wake ikitokeza juu ya jino, halafu unasukuma kwa pembe ya nyuzi 30 hivi, kutoka ndani ya jino kwenda nje. Unasukuma, unainua, unarudisha bila kugusa. Tupa hukata ikienda mbele tu. Ukiikokota ikirudi unaiharibu yenyewe na jino pia. Mara tatu kila jino, au nne, lakini idadi iwe ileile kwa meno yote. Ukinoa ya kulia mara tano na ya kushoto mara mbili kwa kuwa mkono umechoka, upande mmoja utakula mti zaidi na mkato utapinda kama ule wangu wa mundu. Ukimaliza meno yote ya upande mmoja unahamia upande wa pili wa msumeno. Na kila baada ya kunoa mara kadhaa unavipima vile vinundu, maana jino linavyopungua linashuka, na kinundu kikibaki juu jino haliufikii mti. Cheni kama yangu inataka kinundu kiwe chini ya ukingo wa jino kwa milimita 0.65 hivi. Unakishusha kwa tupa bapa, taratibu, mara mbili tatu. Ukikishusha kupita kiasi jino litauma kwa nguvu kuliko mikono yako.

Siku ile mzee alinoa nusu ya cheni akaniachia nusu. Tulipouwasha na kuliweka bamba juu ya lile lile gogo, aliniambia nitoe mkono wa kusukuma. Msumeno ukazama. Nikaangalia chini: maranda, marefu, meupe, yamejikunja. Nilitaka kulia.

Aliniachia na jambo lingine, na hili ulisome kwa makini. Aliigusa ile ngao ya plastiki iliyo mbele ya mpini wa kushoto, akaisukuma mbele. Haikuenda popote. "Breki yako imekufa," akasema. Mimi nilikuwa nadhani ile ni kinga ya matawi yasikuchubue mkono. Kumbe ndiyo breki ya cheni, iliyoanza kuwekwa kwenye misumeno mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa sababu ya watu waliokuwa wakikatwa nyuso na mabega. Tulifungua kifuniko cha pembeni, tukakuta vumbi na oili vimeshikana vikawa kama udongo wa mfinyanzi, vimeufunga ule mkanda wa chuma unaoikaba ngoma ya klachi, ile inayoizungusha cheni. Tulikwangua na kusugua kwa brashi mpaka jua likatua. Akanifundisha kuijaribu kila asubuhi: unauwasha msumeno, unaushika kwa mikono miwili, unavuta triga kidogo cheni izunguke, kisha unasukuma ngao kwa kifundo cha mkono wa kushoto bila kuachia mpini. Cheni isimame papo hapo. Ikiendelea hata nusu mzunguko, siku hiyo hukati.

Kuanzia hapo jioni zangu zikawa zile unazozikumbuka. Mimi kwenye benchi, msumeno umebanwa, na wewe umekaa juu ya gogo unahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, jino. Moja, mbili, tatu, jino. Nikikosea idadi ulinirudisha. Mpini wa plastiki wa tupa ulipopasuka, wewe ulichukua kipande cha tawi ukakichonga kwa kisu siku mbili nzima, kikatoka kimepinda kidogo upande mmoja, nikakipachika. Tupa zimebadilika mara nyingi. Mpini ni uleule.

Na unakumbuka yule funza mnene mweupe tuliyemkuta ndani ya gogo, ukamtia kwenye chupa na kipande cha mti ukitaka kuona atafanya nini? Miaka mingi baadaye nilisoma habari ambayo ilinifanya nikukumbuke wewe na chupa yako. Kulikuwa na mkata miti wa Oregon, Marekani, aliyeitwa Joseph Buford Cox. Mwaka 1946, akiwa anapasua kuni, alimwona funza wa mbawakavu akitafuna mti. Cheni za wakati ule zilikuwa na meno kama ya msumeno wa mkono, zinakwaruza na kulala makali haraka. Cox aliona kwamba funza haumi mti moja kwa moja kama zile cheni. Taya zake zinakata kwenda kushoto na kwenda kulia, na anapita ndani ya mti mgumu kwa raha zake. Akaunda cheni yenye meno yaliyopinda kwa mfano huo, moja la kushoto na moja la kulia, na mwaka 1947 akaanza kuitengeneza kwenye chumba cha chini cha nyumba yake. Cheni iliyoko kwenye msumeno wako leo, yenye meno kama ukucha, inatokana na ile. Wewe ulimtazama yule funza siku tatu. Laiti ningekaa nikamtazama pamoja nawe.

Sasa siku ya kofia.

Ulikuwa mti ulioanguka wenyewe, mkubwa, matawi yamesukana. Nilianza asubuhi nikamaliza shina kubwa. Mchana ukabaki kwa matawi. Nilikuwa peke yangu. Nilikuwa kwenye tangi la nne la petroli, na kila tangi mzee alikuwa ameniambia niketi, ninoe, ninywe maji. Tangi la pili nilinoa. La tatu sikunoa. Kwenye la nne nilikuwa nimegusa ardhi mara moja, niliisikia kabisa ile sauti ya kukwaruza, na nilijua. Nilijua, mwanangu. Tupa ilikuwa mfukoni. Ningehitaji dakika kumi. Lakini yalibaki matawi matano au sita, jua linashuka, nikasema nimalize tu.

Nikaanza kusukuma. Chini yangu ukawa unadondoka unga, nikauona, nikaendelea. Ukiwa unasukuma msumeno butu uzito wako wote unakuwa mbele, miguu haijasimama vizuri, na macho yako yanatazama mahali bamba linapokata tu. Huoni ncha yake iko wapi. Ncha ya bamba langu ilipita nyuma ya tawi nililokuwa nakata ikagusa tawi lingine, nene kama mkono, ambalo sikuliona.

Kinachotokea hapo kiko hivi. Cheni juu ya bamba inakwenda mbele, inakuondokea. Ikifika kwenye ncha inageuka kwenda chini. Ile robo ya juu ya ncha, pale meno yanapoanza kugeuka, jino linaweza kuuma mti kuliko linavyoweza kuukata, likakwama. Cheni ilikuwa ikikimbia kama mita 20 kwa sekunde. Nguvu ile haina pa kwenda, basi inalirusha bamba zima juu na nyuma, kwako wewe uliyelishika. Sisi tunasema msumeno umerusha teke. Hakuna mtu mwenye mkono wa kuliwahi teke hilo. Ukishtuka limeshapita.

Sikuona kitu. Nilisikia kishindo kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, kisha kimya cha ajabu, kimya ingawa injini ilikuwa bado inaunguruma, kwa sababu ile sauti ya cheni haikuwapo tena. Bamba lilikuwa mbele ya uso wangu, karibu kiasi kwamba niliona tone la oili likining'inia kwenye jino. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa bado umeuzunguka mpini, dole gumba kwa chini kama nilivyofundishwa, na msumeno uliporuka kifundo kikaigonga ngao, breki ikakaba. Ile breki tuliyoikwangua mpaka jua likatua. Meno mawili au matatu yalikuwa yameshaufikia ukingo wa kofia, juu ya jicho la kushoto, yakauchana urefu wa kidole. Nyusi yangu haikuguswa.

Nilizima. Nikauweka chini. Nikakaa kwenye shina nililolikata asubuhi mpaka giza likaanza kuingia, na mikono haikuacha kutetemeka. Nilikuwaza wewe. Niliwaza kwamba ungeendelea kuhesabu moja, mbili, tatu, na pale benchini hakuna mtu. Nikarudi nyumbani, ukaniuliza kofia imefanya nini, nikasema tawi. Mama yako nilimwambia usiku ule. Wewe nilidhani nitakuambia ukikua.

Kesho yake nilinunua helmeti yenye wavu wa uso na vizibo vya masikio, na baadaye suruali ya kinga, ile yenye nyuzi ndefu ndani zinazojisokota kwenye cheni na kuisimamisha ikikugusa mguu. Kwa masikio nilichelewa. Msumeno hupiga kelele ya zaidi ya desibeli 100 sikioni mwa anayeutumia, na mimi nilikuwa nimekaa nayo miaka bila kuziba chochote. Ukiniita nikiwa nimekupa mgongo na nisiitike, sababu ni hiyo. Na vidole vyangu vinavyokuwa vyeupe asubuhi za baridi, ulivyokuwa ukivisugua ukidhani nimeshika maji, ni mtikisiko wa ule msumeno wa zamani, maana mpira wa kuzuia mtikisiko ulikuwa umekufa nami nikaona si kitu.

Habari ya mti wako. Mti ulioanguka ni mgumu kuukata kuliko uliosimama, watu hawaamini. Matawi yaliyokandamizwa chini yamepinda kama upinde, yanasubiri. Kabla ya kukata tawi litazame limevutika upande gani na limebanwa upande gani. Unaanza kwa mkato mdogo upande uliobanwa, kisha unamalizia upande uliovutika, nawe umesimama upande ambao halitarukia. Ukianza na uliovutika litapasuka na kukupiga. Ukianza na uliobanwa ukazidisha, litaufinya msumeno usitoke. Na ile mizizi iliyong'oka na kusimama kama ukuta, usiende nyuma yake kabisa. Shina likikatwa mzizi unaweza kurudi shimoni na kila kilicho ndani.

Msumeno wako sijauona, kwa hiyo sitausema vibaya wala vizuri. Lakini fungua kile kifuniko cha pembeni leo, plagi ikiwa imechomolewa waya, uangalie ule mkanda wa breki kama uko huru. Nitumie picha ya cheni, ya karibu, jino moja tu linatosha, nione kama linang'aa.

Nitafika Jumamosi asubuhi. Helmeti yangu na suruali vitakutosha ukikaza mkanda. Nitakuja na tupa mbili, ya mviringo na ile bapa, na mpini wako uliopinda nimeshaufunga upya kwa uzi kwa kuwa ulianza kucheza. Kofia nayo nitaileta, iko mbele yangu hapa ninapoandika. Usiuwashe kabla sijafika.

Baba yako